Sabuni za Zanzibar zilizotengenezwa kwa mkono: ipi uianze, ipi uiache dukani

Ukipita maduka ya Mji Mkongwe huzikosi: vipande vya kahawia vilivyofungwa kwa ukindu, vya kijani vyenye chembe za mwani, vya kung'aa vyenye ua ndani, vingine vimetiwa kwenye kalibu ya kasa au kombe. Mtu hununua tatu za zawadi na moja yake. Hiyo moja huwekwa bafu la wageni, na wageni nao huona haya kuigusa, hadi vumbi liishike.

Hapo ndipo pesa inapopotea, maana sabuni iliyotengenezwa kwa mkono huzeeka. Harufu hupungua, na yale mafuta ya ziada ambayo mtengenezaji huyaacha ndani makusudi ili ngozi isikauke, huanza kuchacha. Utaona madoa ya rangi ya chungwa, na ukiinusa, kuna kitu kama mafuta ya kukaangia ya juzi. Kwa hiyo nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: sabuni iwe nzuri kuitazama siku ya kwanza, na iwe bado nzuri baada ya kuogewa wiki mbili.

Ya kwanza, bila kusita, ni ya karafuu. Uzuri wake haukupakwa juu. Rangi ya kahawia imeenea mpaka moyoni, na unga wa karafuu umetawanyika kote, kwa hiyo hata ikibaki nusu bado inaonekana kama imekatwa leo. Harufu yake ni nzito na haina haraka ya kuondoka, hasa ikiwa imetiwa mafuta ya karafuu yenyewe au ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Kule Pemba, kiwanda cha Wawi hukamua mafuta ya makonyo, kwa hiyo mtengenezaji wa sabuni hana haja ya manukato ya chupa kutoka ng'ambo.

Halafu, kwa sabuni yoyote utakayochagua, angalia kama ina mafuta ya nazi. Sabuni yake ni ngumu na hutoa povu hata kwenye maji ya kisima yenye chumvi, na mtu wa pwani anajua sabuni ngapi hugoma kwenye maji hayo. Ila ya nazi tupu hukausha ngozi, kwa hiyo tafuta iliyochanganywa na mafuta mengine, na muulize muuzaji ilikatwa lini. Sabuni iliyochanganywa bila kupikwa motoni hutaka wiki nne hadi sita za kukaa kwenye hewa ndipo iwe ngumu. Ikiuzwa mbichi itayeyuka mkononi kabla hujaifurahia.

Tahadhari moja: karafuu ni kali. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha, na mtoto mchanga, wasiguse. Hivyo hivyo kwa mdalasini, ambao ningeuweka nyuma ya karafuu kwa sababu unga wake ukisagwa vibaya hukwaruza kama mchanga. Ipitishe kidole gumba kabla hujalipa.

Ya pili ni ya mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani mkavu wa gunia huuzwa nje kwa bei ndogo, ilhali kiganja kimoja cha unga wake kinatosha kupamba sabuni nyingi. Kwa hiyo ukinunua kipande kilichotengenezwa Paje, sehemu kubwa zaidi ya pesa hubaki pale pale kijijini. Ni sabuni ya upole, ina utelezi mzuri, na chembe zake husugua bila kuumiza. Nimeiweka ya pili kwa sababu harufu yake mara nyingi hutegemea kilichoongezwa, na bei huwa juu. Ukiambiwa inafuta makunyanzi, tabasamu, lipia sabuni, uondoke na sabuni.

Mchaichai ni wa tatu. Hunukia kuliko zote dukani na huwahi kunyamaza nyumbani. Nunua wa kutumia mwezi huu, usinunue wa kuweka.

Sasa zile za kung'aa, za gliserini. Nyingi hutengenezwa kwa kuyeyusha donge lililonunuliwa tayari na kulimimina kwenye kalibu. Si kosa, na zinafaa siku hiyo hiyo bila kusubiri, lakini jua unalipia kalibu na rangi. Kwenye unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa hutoa jasho: gliserini huvuta maji hewani, na asubuhi unakuta matone juu yake. Maua yaliyozama ndani ni tatizo jingine. Petali za waridi hugeuka kahawia baada ya muda, na vichipukizi vya lavenda vikishageuka hivyo hufanana na kitu kilichoachwa na panya. Ukitaka rangi inayodumu, chagua iliyotiwa mkaa au udongo mwekundu. Ya bizari ya manjano hupendeza, lakini ikae mbali na dirisha, jua huipausha.

Za umbo, kasa na kombe na samaki, nazinunua kwa watoto tu. Mkia na mapezi huyeyuka siku ya kwanza, na baada ya hapo unaoga na donge. Afadhali ndogondogo za kutosha mgeni mmoja, zipangwe kwenye kikapu cha ukili ili mgeni aone ni ruhusa kuchukua.

Yale mawaridi ya sabuni ya kiwandani yanayopangwa kwenye boksi lenye utepe hayana nafasi humu. Hayakufanywa kwa mkono, na kuyaoga ni kuokota vipande sakafuni.

Muuzaji akikwambia sabuni yake “haina kemikali”, mwulize imegandaje. Hakuna sabuni ya kipande ya kweli bila kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ikipimwa vizuri, yote huishia kwenye mafuta na haibaki. Kinachofaa kutafutwa ni lebo yenye viungo, tarehe na alama ya ZBS au TBS, mashirika ya viwango ya Zanzibar na Tanzania. Unga mweupe juu ya kipande hauna neno. Lakini kikitoka majimaji yanayochoma kidole, kirudishe.

Ukifika nazo nyumbani, anzia kabatini, isipokuwa za mchaichai na za gliserini. Itoe kwenye nailoni, ifunge kwa karatasi, iweke katikati ya kanga na mashuka miezi miwili mitatu: nguo zitanukia, na sabuni itazidi kukauka na kudumu. Ikishahamia bafuni, ikate nusu kwa kisu, nusu irudi kabatini. Kisahani kiwe na matundu na kikae mbali na bomba, kwani maji yaliyotuama ndiyo huimaliza, si kuoga. Kikibaki kipande chembamba, kilowanishe, kigandamize mgongoni mwa sabuni mpya ukiwa umemaliza kuoga, na usikiguse mpaka kesho yake.