Vizibo vya sponji na vifunika masikio: nilivyovijaribu kwenye grinda, Mwanza

Mimi nasaga kutu na kuchomelea bodi za boti za chuma hapa Mwanza. Grinda ikigusa bati, mwenzangu aliye umbali wa mkono lazima apaze sauti ndipo nimsikie. Ikifika hapo ujue desibeli 85 zimeshavukwa, na kelele ya kiwango hicho kwa saa nane kila siku inaua masikio. Mjomba wangu, fundi wa jeshi mstaafu, sauti nzito za wanaume anazisikia, ila wajukuu wakimwita haitiki. Inaniuma sana.

Nilinunua vikinga masikio vya aina mbili mtaa wa Makoroboi, hapahapa Mwanza: sponji za kusokota na vifunika vya mkanda wa kichwani. Boksi la vifunika limeandikwa NRR 25, yaani kiwango cha kupunguza kelele, kwa desibeli. Msiiamini namba hiyo kavukavu. Hupimwa maabara, mtaalamu akimvalisha mtu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inashauri kuipunguza: robo kwa vifunika, nusu kwa sponji. Hata wanajeshi wa Marekani waliopewa vizibo vya kampuni ya 3M vya pande mbili, njano na kijani, walishtaki kwamba ni vifupi na vinalegea sikioni. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa takribani dola bilioni 6, bila kukiri kosa.

Kwa hiyo nilivijaribu mwenyewe. Sponji nanawa mikono kwanza, maana vumbi la chuma likiingia sikioni ni balaa. Naisokota iwe nyembamba, mkono wa pili unapita juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, naisukuma ndani na kuishikilia hadi ivimbe. Kisha grinda ikiwa inanguruma naziba masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, sponji haijakaa. Yangu ilikaa, na chini ya barakoa ya kuchomelea haisumbui.

Vifunika ni vizuri kwa anayeingia na kutoka, unavivaa mara moja. Lakini mkono wa miwani ya kazi uliinua mto wa kifunika, pakabaki upenyo mdogo kando ya sikio, na mlio mkali wa grinda ukapita hapohapo. Nilipovaa miwani ya mikono myembamba, mlio ukafifia.

Sponji nazipa alama za juu. Vifunika nunueni pia, ila nendeni dukani na miwani yenu, mvivae pamoja kabla ya kulipa.