Raba za mbio za mtumba katika Soko la Karume: zitazamwe soli kabla ya rangi

Mkimbiaji wa kujifurahisha wa Dar es Salaam, yule anayetoka alfajiri mara tatu kwa wiki, akakimbia kilomita tano hadi nane kisha akaoga na kuwahi kazini, ana njia mbili za kupata raba. Anaweza kwenda dukani, ambako jozi mpya iliyo halisi humgharimu sehemu kubwa ya mshahara, na jozi mpya ya bei nafuu yenye nembo ileile mara nyingi huwa ni feki. Au anaweza kwenda Karume, Ilala, akachague katika mtumba. Nimenunua na kukimbia na raba za soko hilo kwa muda wa kutosha kusema kwamba mtumba uliochaguliwa vizuri unamfaa mkimbiaji wa aina hii kuliko kiatu kipya cha kuiga. Uzito wa kauli hiyo uko katika maneno "uliochaguliwa vizuri", kwa sababu katika meza moja ya Karume kiatu kizima na kiatu kilichokufa hukaa bega kwa bega, vyote viking'aa.

Soko liliungua Januari 2022 na wafanyabiashara wakarejea, na leo upande wa viatu una shughuli kama zamani. Saa nzuri ya kufika ni asubuhi, mabelo yanapofunguliwa, kabla wachuuzi wa maduka ya mitaani hawajaondoka na jozi bora. Wauzaji wengi wanazijua aina kwa majina. Ukitaja Pegasus ya Nike au Kayano ya ASICS hutaonyeshwa kiatu cha mpira wa kikapu. Wachache watakuonyesha hicho hicho na kuapa kwamba ni cha mbio, na hapo ni juu yako kujua kwamba kiatu kizito chenye soli bapa na ngumu hakikutengenezwa kwa ajili ya kukimbia.

Tatizo kubwa la mtumba wa raba ni usafi wake. Kabla ya kuwekwa mezani kiatu hufuliwa, hupigwa brashi, kamba hubadilishwa, na pengine sehemu nyeupe hupakwa rangi ya viatu. Mnunuzi hutazama kitambaa cha juu, akaridhika, akalipa. Lakini kinachomlinda mkimbiaji si kitambaa. Ni sponji nene iliyo kati ya soli na unyayo, ambayo hufyonza kishindo kila mguu unapotua. Sponji hiyo huchoka kwa kukandamizwa mara nyingi mno, na ikishachoka haifufuki kwa sabuni wala kwa gundi ya fundi viatu. Kwa hiyo kiatu kikamatwe na kupinduliwa kwanza. Mpira wa chini ukiwa umelika kidogo kwenye ukingo wa nje wa kisigino si neno, kwani wengi wetu tunatua hivyo. Ukiwa umelika hadi sponji inaonekana, kiachwe. Kisha kiwekwe juu ya kitu kilicho sawa, kitazamwe kwa nyuma kama kinasimama wima au kinalalia upande mmoja, maana kiatu kilicholala kimeshachukua umbo la mwendo wa mtu mwingine na kitakulazimisha umfuate. Ubavu wa sponji ubonyezwe kwa dole gumba: ukirudi upesi ni dalili njema, na ukiwa na mikunjo ya kulala iliyokaa pale hata bila mzigo, kiatu kimefanya kazi yake na kuimaliza. Hatimaye utolewe mkeka wa ndani. Alama za vidole zilizochimbika sana humwambia mnunuzi zaidi kuliko muuzaji atakavyomwambia, ingawa mkeka wenyewe hubadilishwa kwa urahisi na si sababu ya kukikataa kiatu ambacho sponji yake ni nzima. Majaribio yote haya yafanywe kwa miguu yote miwili, kwa kuwa jozi nyingi zina kiatu kimoja kilichochoka zaidi ya mwenzake.

Umri nao una uzito wake, hata kwa kiatu ambacho hakijavaliwa. Kampuni nyingi hushona kitambulisho kidogo ndani ya ulimi au ubavuni, chenye vipimo na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa. Gundi huzeeka ikiwa stoo, na joto la kontena halisaidii. Ndiyo maana raba inayoonekana mpya kabisa huweza kubanduka soli katika wiki ya kwanza ya mazoezi. Mimi siendi zaidi ya miaka mitano nyuma, na pale ambapo kitambulisho kimekatwa huwa nahesabu kwamba kiatu ni cha zamani.

Siku hizi zimeanza kuonekana mezani raba za mashindano zenye bamba la kaboni ndani, zile zenye soli nene ambazo Shirikisho la Riadha la Dunia liliziwekea kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Zinavutia, na muuzaji anajua zinavutia. Sizipendekezi. Sponji yake laini hupoteza uwezo wa kurudi upesi ikibonyezwa mapema kuliko ile ya raba za mazoezi ya kila siku, na aliyeiuza au kuitoa huko ilikotoka huenda aliitoa kwa sababu hiyo hasa. Raba ya mazoezi, nzito kidogo, isiyo na sifa za magazetini, ndiyo inayostahimili maisha mawili.

Kuhusu bei, jozi nzuri niliyochukua mara ya mwisho ilianzia shilingi 70,000 mdomoni mwa muuzaji ("Kaka, hii bado nzima, usiiguseguse tu") na tukaafikiana 45,000. Raba mpya kwa kawaida hukadiriwa kudumu kati ya kilomita 500 na 800. Tukichukulia kwamba ya mtumba imebakiza 300, kila kilomita itagharimu shilingi 150. Jozi mpya ya 280,000 ikidumu kilomita 700, kila kilomita ni 400. Hesabu hii huanguka kabisa ukinunua kiatu kilichobakiza kilomita 50, jambo ambalo muuzaji hana namna ya kulifahamu na hapaswi kulaumiwa kwalo. Kinachowapunguzia alama wauzaji wengi ni kukataa kubadilisha kiatu kesho yake hata kama kimebana. Wachache wanaokubali wanastahili kurudiwa, na namba zao za simu kuhifadhiwa.

Kubana huko huepukika. Miguu huvimba kwa joto na kwa mwendo, na aliyejaribu kiatu asubuhi bila soksi atashangaa kilomita ya nne. Aende na soksi anazokimbilia, ahakikishe mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa dole gumba, na asome kipimo cha sentimita kwenye kitambulisho badala ya namba pekee, kwa sababu namba hupishana kati ya kampuni na kampuni. Waliokulia kwenye ndala wana vidole vilivyotanuka. Herufi 2E kwenye kiatu cha mwanamume humaanisha kipana, na ikionekana iheshimiwe.

Soksi zenyewe zinunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku soksi na nguo za ndani za mtumba, japo bado zinaning'inia hapa na pale, na kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam hilo ni katazo lisilohitaji kutetewa. Kwa wanaotoka kabla ya mapambazuko, kizibao cha kuakisi mwanga kama cha bodaboda kinatosha, mradi mkimbiaji akae upande wa kulia wa barabara ili ayaone magari yanayomjia usoni. Saa ya gharama na mkanda wa chupa vinaweza kusubiri. Mafuta mazito ya mgando, yapakwe kati ya mapaja na kwenye vidole, yameokoa mazoezi mengi kuliko saa yoyote.

Baada ya ununuzi, utunzaji ndio unaoamua kama zile kilomita 300 zitapatikana. Raba iliyolowa jasho au maji ya mvua za masika isianikwe juani, kwani jua kali huharakisha kuachia kwa gundi ambayo tayari ni nzee. Itolewe mkeka, ijazwe magazeti, iwekwe kivulini penye upepo. Anayekimbia siku zinazofuatana anunue jozi mbili za bei ya kati kuliko moja ya bei ya juu, azipokezane, na kila moja aiandikie kwa kalamu, ndani ya ulimi, tarehe aliyoanza kuitumia.