Kamera ndogo ya kukodi kwenye miamba ya Luchelele: uzoefu wangu wa kurekodi video ya wimbo na baiskeli

Kwa siku 2 za mwisho wa wiki nilikodi kamera ndogo ya michezo, ile inayotoshea kiganjani na kufungwa popote, katika duka moja la vifaa vya picha katikati ya jiji la Mwanza. Tulikuwa wanafunzi 4 wa chuo wenye wimbo mmoja uliokwisha kurekodiwa studio, baiskeli moja ya milimani yenye shokapu za mbele, na nia ya kuupa wimbo huo video ya kushuka vilima vya mawe vya Luchelele hadi ufukweni. Kodi ilikuwa shilingi 25,000 kwa siku, na dhamana niliyoacha ilikuwa kitambulisho cha taifa. Ninaandika kwa sababu wanafunzi wengi hukodi kamera za aina hii wakiamini zitafanya kazi yote, nami niliamini hivyo hivyo hadi nilipofungua picha za siku ya kwanza.

Picha hizo zilikuwa safi, zenye rangi nzuri, lakini mlima haukuwemo. Tulikuwa tumeifunga kamera kwenye usukani, na mwendeshaji wetu alishuka kwenye kijia cha mbuzi kinachopita kati ya mawe mawili makubwa, mahali ambapo sisi wengine tulilazimika kushuka kwa mikono na miguu. Kwenye kompyuta kijia hicho kilionekana kama barabara ya mtaani. Sababu ni kwamba lenzi ya kamera hizi ni pana sana, hivyo vitu vya mbele husukumwa mbali na kuonekana vidogo, na kwa kuwa kamera inainama pamoja na baiskeli, mtazamaji hapati kitu chochote kilichonyooka cha kulinganishia.

Siku ya pili tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, tuliihamishia kamera kifuani mwa mwendeshaji kwa mkanda uliokuja nayo, na mara moja mwili wake ukaanza kueleza kile ambacho lenzi ilikificha: vidole viwili juu ya kila breki, mikono ikinyooka kadiri usukani unavyozama, gurudumu la mbele likiachia ukingo wa jiwe na kupotea kwa kitambo kidogo kabla halijagusa udongo. Pili, mimi nilisimama pembeni, hatua kama 30 hivi, na simu ya kawaida, nikipiga kwa ubavu huku ziwa likiwa nyuma ya baiskeli. Maji ya ziwa hulala sawa siku zote, na mstari wake ulipokaa sambamba na ukingo wa picha, ukali wa mteremko ulionekana bila maelezo. Fundi ujenzi ana pimamaji, sisi tulikuwa na Ziwa Victoria. Picha 3 za simu zilizopigwa namna hiyo ndizo zinazobeba video yetu, na za kamera ya kukodi zinaingia kati yake kuleta kasi na mtikisiko.

Uwezo wa kamera hii wa kutuliza picha unastahili sifa, lakini unategemea mwanga. Mchana, kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazounda video, ilipopigwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mitetemo ya mawe iliondoka kabisa. Jioni hali ilikuwa nyingine. Mwanza iko karibu sana na ikweta, jua hushuka moja kwa moja upande wa pili wa ghuba, na muda wa mwanga wa dhahabu ni mfupi. Ilipofika saa 12:40, kamera ilianza kuipiga kila fremu kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga, na kila gurudumu lilipogonga jiwe, picha ilitulia mahali pake lakini ikafifia ghafla, kana kwamba mtu amepitisha kitambaa chenye maji juu ya kioo. Programu ya kompyuta haiwezi kuondoa ukungu huo, kwa hiyo vipande vyote vya jioni vya kushuka kwa kasi tulivitupa.

Kilichonifurahisha zaidi ni picha za mwimbaji wetu kwenye kiitikio. Tulitaka aonekane akiimba akiwa amesimama juu ya jiwe la ufukweni, upepo na baiskeli nyuma yake vikienda polepole, lakini midomo iendane na sauti. Njia yake ni rahisi ukiielewa: kamera iliwekwa fremu 50 kwa sekunde, nasi tukapiga wimbo kwenye spika ndogo kwa kasi mara mbili, kutoka mapigo 84 kwa dakika hadi 168, naye akaimba kwa kasi hiyo. Katika kuhariri, mradi ukiwa wa fremu 25 kwa sekunde, kipande kinapunguzwa kasi kwa nusu, midomo inarudi kwenye wimbo wa kawaida na kila kitu kingine kinaelea. Alirudia mara 7 kabla ya pumzi kumtosha. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa hapo jirani, ambaye tulikuwa tumemwamkia na kumwomba ruhusa kabla ya kuanza, aliwazuia watoto wasipite mbele ya lenzi hadi tulipomaliza, na ninamshukuru.

Kuhariri nilitumia programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure, kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8. Idadi ya fremu za mradi kwa sekunde inapaswa kuamuliwa kabla ya kuingiza picha. Kwa kompyuta dhaifu kama yangu ilikuwa lazima pia kutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, la sivyo picha zilikwama kila sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 84, pigo moja huchukua takribani fremu 18, na nilitumia usiku mzima kusogeza vipande fremu moja moja ili gurudumu liguse ardhi palepale ngoma inapolia, si kabla wala baada.

Huduma ya duka ilikuwa na kasoro moja iliyotuumiza. Tulipewa betri 2, na moja ilizimika baada ya dakika 15, ilhali nzuri ilidumu karibu dakika 50, hivyo siku ya kwanza tulikaa saa nzima kwenye duka la soda tukichaji. Nilipoeleza, mwenye duka aliibadilisha bila ubishi, lakini muda haukurudi. Kadi ya kumbukumbu haimo kwenye kodi, na ile yangu ya GB 64 ilitosha takribani dakika 85.

Nitaikodi tena kwa siku moja, si mbili. Nitaijaribu kila betri pale pale kaunta kwa dakika 20 kabla ya kutoa kitambulisho, na vipande vya kushuka nitavimaliza kabla ya saa 11 jioni.