Hifadhi ya mafaili kwa sarafu za kripto: uanze na ipi?

Kabla ya kutoa hela, tenganisha kununua nafasi na kununua sarafu. Wengi hununua sarafu wakingoja bei ipande, huku picha zao zikibaki kwenye simu ileile yenye kioo kilichopasuka. Hapa nazipanga huduma nne za kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta za watu wengine, kila moja ikiwa na sarafu yake ya kidijitali, kwa ajili ya mwenye picha na nyaraka za kutunza.

Naweka Storj ya kwanza. Faili lako hufungwa kwa ufunguo wako wa siri, hukatwa vipande na kusambazwa kwenye kompyuta za watu wasiojuana. Kwa mpangilio wake uliozoeleka, vipande ni 80 na 29 vyovyote vinatosha kulirudisha zima, kwa hiyo kompyuta 51 zaweza kuzimika kwa mpigo na usipoteze kitu. Sarafu ya STORJ ni ujira wa wanaotoa nafasi. Wewe unalipa kwa kadi ya benki. Kwa anayeanza, hilo ni jambo kubwa.

Arweave, iliyoanza 2018, inafuata. Unalipa kwa sarafu yake, AR, mara moja tu, na sehemu kubwa ya malipo huingia kwenye akiba ya kuwalipa wahifadhi wa baadaye. Hesabu yao inalenga miaka 200 na zaidi. Ni nzuri sana kwa kumbukumbu za umma. Lakini kilichoingia hakifutiki, na yeyote anaweza kukisoma. Nakuomba sana: picha ya kitambulisho cha mtoto usiiweke humo bila kuifunga kwanza.

Filecoin ni ya tatu, ingawa ndiyo inayotumia sarafu kwa namna ninayoipenda zaidi. Tangu Oktoba 2020, mhifadhi huweka sarafu yake, FIL, kama dhamana, na kila saa 24 mashine yake huthibitisha kwamba data bado ipo. Ikishindwa, anakatwa dhamana. Ila data hupangwa kwenye sekta, yaani mafungu makubwa, ya GiB (gigabaiti) 32 au 64: hicho ni kipimo cha taasisi kama Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, si cha albamu ya harusi.

Sia, ya mwaka 2015, naiacha kwa fundi anayeweza kununua Siacoin na kusimamia mwenyewe mikataba na wahifadhi.

Yoyote utakayochagua, andika maneno ya kurejesha ufunguo kwenye karatasi mbili, uziweke nyumba mbili. Kisha pandisha picha moja, ishushe kwenye simu nyingine, uifungue. Ikifunguka, ndipo ulipie.