Plasta ya silikoni kwa kovu la mafuta ya moto: uzoefu wangu hapa Kirumba

Kwa wanaoulizia kama plasta ya silikoni inashusha kovu la moto lililoinuka: kwangu imeshusha, haijafuta. Anayetaka mkono uonekane kama haujawahi kuungua asitoe hela yake.

Mimi nakaanga samaki Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Karai liliyumba jikoni, mafuta yakanimwagikia mkono wa kushoto, kuanzia karibu na kiganja mpaka kwenye kiwiko. Huku chini karibu na kiganja ngozi ilibabuka juujuu tu, ikapona ndani ya wiki mbili, na leo imebaki tofauti ya rangi. Huku juu paliungua kwa kina, pakachukua zaidi ya mwezi kufunga, na ndipo palipoinuka. Nesi wa kliniki ya vidonda alishanitahadharisha mapema: "Dada, kidonda cha moto kikipita wiki tatu hakijafunga, tegemea kovu la kuvimba." Kilifunga kikiwa bapa kabisa. Baadaye ndipo kovu likaanza kukaza, likang'aa, likapanda kama kamba iliyolazwa chini ya ngozi. Na kuwasha kwake, jamani! Usiku nilikuwa nalala na kitambaa cha maji baridi juu ya mkono.

Kilichonisumbua ni hiki: kidonda kimeshapona, sasa kinavimba nini? Nesi akanielewesha kwamba juu kumefunga lakini chini kazi haijasimama. Mwili huziba pengo kwa kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Kidonda kikichelewa kupona, mwili unaendelea kupigana pale ndani, na seli zinazotengeneza kolajeni zinakosa wa kuziambia basi. Inatengenezwa nyingi kuliko inayovunjwa, tena imejipanga ovyo. Baadhi ya seli hizo hujikunja na kuvuta ngozi, ndiyo maana kovu likikaa kwenye kiungo linaweza kuukunja mkono usinyooke tena. Kwa kawaida kovu la namna hii hupanda kwa miezi kadhaa, mpaka kama nusu mwaka, halafu hupoa lenyewe polepole kwa mwaka mmoja au miwili.

Nyumbani walishatoa hukumu. Mama mkubwa alisema ni keloidi, haina dawa, nisihangaike. Lakini keloidi huvuka mpaka wa kidonda na kula ngozi ambayo haikuguswa na moto, na ni nadra kushuka yenyewe. Langu limebaki palepale mafuta yalipopita. Unaweza kujipima: piga picha kidonda kikishafunga, kisha linganisha kila mwezi. Sisi weusi tunapata keloidi zaidi kuliko weupe, kwa hiyo si jambo la kupuuza, ila si kila uvimbe ni keloidi.

Sasa plasta yenyewe. Ni karatasi laini, inapitisha mwanga, upande mmoja unanata. Haina dawa inayoingia mwilini. Ngozi mpya ya kovu hupoteza maji haraka. Silikoni inayazuia yasitoke, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba unyevu huo ndio unaozituliza zile seli za chini. Ilianza kutumika kwenye makovu ya moto huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo si kitu cha jana. Inabandikwa kidonda kikishafunga kabisa. Nasisitiza kwa sababu muuzaji mmoja hapa mjini alikuwa anamwambia mteja mbele yangu aibandike kwenye kidonda kibichi "ili kiwahi".

Unatakiwa kuivaa saa 12 mpaka 24 kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu angalau. Maneno hayo yameandikwa na mtu asiyesimama kwenye jiko la mkaa mchana wa Mwanza! Jasho linakusanyika chini yake, harara zinatoka, kingo zinabanduka, na magamba ya sato yananasa pale paliponata. Nilianza kwa saa chache nikaongeza taratibu, na mwisho nikaamua kazini nivae shati la mikono mirefu tu, plasta nibandike nikishaoga jioni mpaka asubuhi. Inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, inaachwa ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa taulo imejaa manyoya, basi tena.

Kuwasha ndiko kulikotangulia kupungua. Ugumu ulifuata, kovu likawa linabonyea kwa kidole. Kimo kilishuka mwisho kabisa.

Wataalamu wenyewe wanasema ushahidi wa silikoni si wa nguvu, na mtu atasema kovu langu lingeshuka hata bila plasta. Inawezekana. Ila bei ilinifanya ninunue kipande kidogo, kikaishia kabla ya kiwiko. Palipofunikwa pameshuka. Ncha iliyobaki wazi bado ipo juu na bado inawasha. Siwezi kusema ni plasta peke yake, kwa sababu kiwiko hukunjwa na kunyooshwa siku nzima, na kovu linalovutwa hukaidi zaidi. Lakini mstari pale plasta ilipoishia unauona kwa macho.

Bei ni kubwa, tusidanganyane. Kwa hela ile nanunua sangara wa kukaanga na chenji inabaki. Kipande kinarudiwa kutumika mpaka kiache kunata, hapo ndipo hesabu inapokaa sawa kidogo. Ipo pia jeli ya kupaka, nzuri kwa uso na sehemu zinazokunjika, ila kwenye mkono wa mkaangaji inafutika kabla haijakauka.

Kwa ncha ya kiwiko, daktari amependekeza sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kovu, na plasta iendelee juu yake. Nimekubali, na safari hii nanunua kipande kikubwa.