Kamera ndogo ya mtumba Mwaloni: bodi chuma, lenzi ndo ya kuichunga

Wadau mnaouliza kama hizi kamera ndogo za dijitali za mtumba toka Japani zinadumu, zinadumu, ila inategemea inashinda wapi. Yangu inashinda Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, napiga picha mizigo ya dagaa wateja wa mikoani waione kabla hawajatuma hela, maana simu nilichoka kuishika na mikono ya samaki. Imekula vumbi, magamba, maji ya barafu. Bodi, yaani gamba la nje, haina neno, imechubuka rangi kwenye kona basi, na ilishadondoka ngazini pale feri ya Kamanga ikawaka vilevile. Menyu yote Kijapani lakini unazoea, unakariri tu vitufe.

Shida ni lenzi. Ukiwasha inachomoza, sasa zile pete zake zina upenyo, punje ya mchanga ikiingia pale unasikia krrr krrr halafu lenzi inaganda nusu nje nusu ndani na kamera inajizima yenyewe. Yangu ikianza hivyo naigeuza lenzi iangalie chini, naikung'uta taratibu na kupitisha brashi laini kuzunguka pete, inarudi kazini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na usiku vile vijidudu vya ziwani vikitanda, jamani izime uweke mfukoni.

Betri inamaliza siku kama hutumii flashi sana. Kadi weka GB 32 kushuka chini, nyingi za zamani zinaishia SDHC, yaani aina ya kadi inayokomea GB 32, ukiweka ya GB 64 inaikataa. Kinachoniudhi ni tarehe, nikitoa betri inarudi mwanzo kwa sababu kile kibetri cha ndani kimechoka, na mteja wa dagaa anataka aone mzigo ni wa leo.

Ukienda kununua washa uzime mara kadhaa, vuta zumu mpaka mwisho usikilize, halafu piga picha ya ukuta mweupe. Ukiona madoa palepale kila picha na kioo cha mbele umeshakifuta, ujue vumbi limefika kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, na hapo lazima ifumuliwe yote. Muuzaji akisema "futa tu kwa kitambaa" mrudishie kamera yake.

Spea mpya hapa Mwanza sijawahi kuona, fundi anachomoa kwenye kamera iliyokufa, kwa hiyo ukikuta mbovu ya modeli kama yako inauzwa bei ya kutupa beba. Mimi ninayo moja ndani, kioo cha skrini kimepasuka ila lenzi nzima kabisa.