Porti ya kifuani kwa ajili ya kemo: uzoefu wangu

Kama umepangiwa kemo (dawa za saratani za kupitishwa mshipani) ya mizunguko mingi na mishipa yako ni ile ya kutafutwa kwa kupigwapigwa mkono, ulizia porti, kidude cha chini ya ngozi cha kupitishia dawa, kabla ya dripu ya kwanza. Mimi niliwekewa katikati ya matibabu, kwa sababu hakuna aliyeitaja mapema, na mkono wangu wa kulia ulishaumia.

Nina saratani ya titi la kushoto. Nilipofanyiwa upasuaji walitoa na matezi ya kwapani, kwa hiyo nikaambiwa mkono wa upande huo usichomwe sindano wala kupimwa presha. Ukabaki mkono mmoja wa kubeba vipimo vyote vya damu, dripu zote, pamoja na ile dawa nyekundu wanayoijua wagonjwa wengi wa titi, doksorubisini. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake huweza kuhitaji upasuaji. Mishipa yangu ikaanza kukakamaa na kuuma hadi kwenye kiwiko. Sista alikuwa akitoa kanula (kimrija cha dripu kinachoingizwa mshipani) na kuanza upya mahali pengine, huku mimi nimefumba macho. Nikafika mahali naogopa kuchomwa kuliko dawa yenyewe.

Daktari alinieleza njia mbili. Moja ni piki, mrija mrefu unaoingilia juu ya kiwiko na kupita ndani ya mshipa hadi karibu na moyo. Mwisho wake hubaki nje ya ngozi, hivyo huhitaji kusafishwa na kubadilishwa plasta kila wiki, na hautakiwi kulowa. Kwa joto la Dar es Salaam na jasho langu, nilijua plasta ile isingedumu. Nikachagua porti: kidude kidogo chenye upana wa sarafu, kinachokaa chini ya ngozi kifuani kikiwa kimeunganishwa na mrija. Jeraha likipona, hakuna kinachoning'inia nje na unaoga kama kawaida. Yangu iliwekwa kulia, mbali na upande uliopasuliwa.

Sikulazwa usingizi. Walinipiga ganzi, na huo mchomo wa ganzi ndio uliouma kuliko yote yaliyofuata. Kichwa kiligeuzwa upande, nikafunikwa kitambaa, daktari akautafuta mshipa wa shingo kwa altrasaundi. Kuna mkato mdogo shingoni na mwingine mkubwa kidogo chini ya mtulinga, mahali kinapotengenezewa kidude nafasi yake. Nilisikia kusukumwa na kuvutwa, bila maumivu. Waya wa kuongozea mrija ulipokaribia moyo, mapigo yalirukaruka, nikashtuka sana, lakini sista akasema, "Mama, hiyo ni kawaida, usigeuze shingo tu." Walikuwa wameniambia mengi kabla ya kuingia, ila hilo hawakulisema, na naona kila mgonjwa angestahili kuambiwa. Mwisho nikapigwa eksirei kuhakikisha mrija umefika panapotakiwa na pafu halikuguswa.

Siku za mwanzo shingo ilikaza, nikameza parasetamoli na kulalia upande mwingine. Kamba ya sidiria ilinisumbua kwa muda mrefu zaidi. Mkanda wa gari hadi leo nauwekea khanga iliyokunjwa. Ndoo za maji walibeba wanangu.

Kwenye dripu, tofauti niliiona siku ileile. Mchomo mmoja juu ya porti, sista anavuta damu kidogo kuona kama njia iko wazi, anapitisha maji ya chumvi (ladha yake unaisikia mdomoni hapohapo), kisha dawa inaingia na mikono yangu yote miwili iko huru. Siku nyingine damu iligoma kurudi. Nikaambiwa ninyanyue mkono na kukohoa, ikaja.

Udhaifu niliouona uko kwenye huduma inayoizunguka, si kwenye kifaa. Porti huchomwa kwa sindano maalumu ya Huber, kwa sababu sindano ya kawaida huchimba ule mfuniko wa silikoni na kuuharibu. Nilikwenda kituo kimoja nikiwa na homa, muuguzi akataka kuichoma kwa sindano ya kawaida. Nilimkatalia. Maabara nyingine nayo haikukubali kutolea damu hapo, wakarudi kwenye mkono uleule uliochoka. Kwa hiyo, kabla ya kulipia, uliza sindano za Huber zinapatikana wapi na ni nani kwenye wodi amefundishwa kuitumia. Uliza pia kama bima inalipia kifaa chenyewe au upasuaji peke yake.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, baridi kali ya kutetemeka baada ya porti kusafishwa, wekundu au usaha juu ya porti, au uvimbe wa mkono, shingo au uso: usisubiri kliniki ijayo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mrija huu unaishia karibu na moyo, maambukizi yake si ya kuvumiliwa nyumbani.

Kemo nimemaliza, porti bado ninayo. Daktari ameona ibaki kwanza, na kuitoa kutakuwa kwa ganzi vilevile. Kwa sasa naenda kusafishiwa kila baada ya wiki chache ili isizibe, na kadi yake yenye jina la kifaa natembea nayo pamoja na kadi ya bima.